Sanamu Zining'iniazo Juu ya Jukwaa la Mitindo: Somo la Momenti na Msawazo

Mwezi wa Julai 2018, katika jiji la Paris, mbunifu wa mavazi wa Kiholanzi aitwaye Iris van Herpen alionyesha mkusanyo wa nguo aliouita Syntopia. Aliyehudhuria maonyesho hayo alikuwa na mambo mawili ya kutazama. Chini walipita wanamitindo na mavazi yao. Juu ya vichwa vyao vilining'inia vipande vyembamba vya kioo, vimepangwa kwa safu, vikipanda na kushuka mfano wa mbawa za ndege arukaye. Sanamu hiyo, ambayo jina lake ni In 20 Steps, yaani "kwa hatua 20", ni kazi ya studio ya DRIFT ya Amsterdam, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Lonneke Gordijn na Ralph Nauta.

Wazo la kuugawanya mruko wa ndege katika hatua ni la zamani. Mfaransa Étienne-Jules Marey (1830–1904), mtaalamu wa fiziolojia, alitengeneza mwaka 1882 kamera yenye umbo la bunduki, iliyoweza kupiga picha 12 kwa sekunde moja. Alimlenga ndege akiwa angani, akapata picha za bawa lake likiwa juu, likiwa katikati na likiwa chini. Picha za namna hiyo ndizo zilizompa van Herpen fikra za nguo za Syntopia, na ndiyo sababu sanamu ya kioo ilifaa kuning'inia juu yake.

Mwaka uliofuata, Julai 2019, mbunifu huyo huyo alishirikiana na Mmarekani Anthony Howe, mtengenezaji wa sanamu ziendeshwazo kwa upepo. Howe ndiye aliyetengeneza sanamu iliyozunguka nyuma ya mwenge wa Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Katika maonyesho ya Paris, wanamitindo walipita ndani ya sanamu yake kubwa iliyokuwa ikizunguka, na vazi la mwisho lenyewe lilikuwa mashine: kiunzi chepesi cha metali kilichovikwa manyoya, kikizunguka mwilini mwa mvaaji.

Mwalimu wa fizikia anayesoma habari hizi huenda akauliza zinamhusu nini. Jibu ni kwamba sanamu iningʼiniayo ni sura ya kwanza ya kitabu cha mekanika iliyotundikwa darini. Kila mwanafunzi wa sekondari amefundishwa kanuni ya momenti kwa rula ya mita moja iliyokaa juu ya kisu, na amejibu maswali yake katika mtihani. Lakini rula ile hujibu swali moja tu: mizigo italingana wapi? Anayetundika kitu juu ya watu wanaotembea ana maswali mengine mawili ambayo rula huyapita kimya. Kitu kikisukumwa, kitarudi mahali pake au kitapinduka? Na uzi mmoja ukikatika, itakuwaje? Makala hii itayashughulikia yote matatu, nayo yale mawili ya mwisho ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa.

Mhandisi aliyegeuka msanii

Si sanamu zote za namna hii zinazohitaji mota. Aliyeonyesha kwamba hewa ya kawaida yatosha ni Alexander Calder, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1898, ambaye kabla ya kuwa msanii alisomea uhandisi wa mitambo na kuhitimu mwaka 1919. Kazi zake za kwanza zenye kujongea ziliendeshwa kwa mikono na kwa mota. Msanii mwenzake Marcel Duchamp alipoziona mwaka 1931 aliziita mobile, neno ambalo katika Kifaransa lina maana ya kitu kinachojongea na pia sababu inayomsukuma mtu kutenda jambo. Baadaye Calder aliiacha mota, kwa kuwa mota hurudia mwendo ule ule na mtazamaji huuzoea upesi. Alitundika waya na vibao vya metali kwa namna ambayo pumzi ya mlango ukifunguliwa huvijongesha, na mwendo wa leo haufanani na wa jana.

Kwa jukwaa la mitindo uchaguzi kati ya mota na hewa una uzito wake. Sanamu ya mota hutii amri: itapanda na kushuka kwa wakati uliopangwa, sambamba na muziki. Sanamu ya hewa humtii kila mtu apitaye, na mfuatano wa wanamitindo wenye nguo pana ni upepo wa kutosha. Mwandishi wa makala hii anaipendelea ya pili, kwa sababu gharama yake ni ndogo na fizikia yake iko wazi machoni. Basi na tuitengeneze.

Kuanzia chini

Vifaa ni vya kawaida: waya wa chuma wenye unene wa milimita 2, au chelewa za ukuti kwa sanamu ndogo; nyuzi; mkasi; mizani ya maabara; na mapambo yenyewe, ambayo yaweza kuwa vipande vya kanga vilivyokazwa kwa wanga, karatasi ngumu au vifuu vya nazi vilivyokwanguliwa vikawa vyembamba. Kila waya tutauita mkono, na mahali unapofungwa uzi wa kuubeba tutapaita kitanzi.

Sanamu hujengwa kuanzia mkono wa chini kabisa kwenda juu. Anayeanza juu atalazimika kubahatisha uzito wa vitu ambavyo bado havijakuwapo. Tuseme mkono wa kwanza una urefu wa sentimita 25, na kwenye ncha zake tumefunga pambo la gramu 10 na pambo la gramu 15. Kitanzi kitakuwa sentimita 15 kutoka kwenye pambo jepesi na sentimita 10 kutoka kwenye pambo zito, kwa kuwa 10 mara 15 ni 150, na 15 mara 10 ni 150. (Gramu ni kipimo cha tungamo, na kani ni tungamo ikizidishwa kwa mvutano wa dunia; lakini kwa kuwa mvutano huo ni mmoja pande zote mbili, twaweza kuuacha kando.) Mkono huu na mapambo yake ni mzigo wa gramu 25, nao sasa unakuwa pambo moja la mkono wa pili.

Mkono wa pili una urefu wa sentimita 27. Ncha moja imebeba gramu 25 tulizozipata, na ncha nyingine pambo jipya la gramu 20. Mwanafunzi atahesabu na kuona kwamba kitanzi kiko sentimita 12 kutoka upande mzito. Jumla ni gramu 45. Mkono wa tatu, wenye sentimita 40, unabeba gramu 45 upande mmoja na pambo la gramu 15 upande mwingine. Kitanzi kiko sentimita 10 kutoka upande mzito na sentimita 30 kutoka upande mwepesi. Hapa ndipo uzuri wa sanamu hizi unapoanza kuonekana: pambo dogo lililo mbali linalisawazisha kundi zima lililo karibu.

Lakini mwanafunzi akifunga uzi mahali hapo hasa, mkono utainama. Atadhani amekosea hesabu. Hakukosea, amesahau kwamba waya wenyewe una uzito. Waya wa chuma wa milimita 2 wenye urefu wa sentimita 40 una takriban gramu 10, na uzito huo huhesabiwa kana kwamba umekusanyika katikati ya waya, sentimita 20 kutoka kila ncha. Tukiuita x umbali wa kitanzi kutoka upande mzito, basi 45 mara x ni sawa na 15 mara (40 − x) kujumlisha 10 mara (20 − x). Tukikokotoa, x ni sentimita 11.4. Kitanzi kimesogea karibu sentimita moja na nusu kuelekea upande mwepesi. Kwa chelewa kosa hilo ni dogo na laweza kusahihishwa kwa kusogeza fundo kwa kidole. Kwa waya wa chuma ni kosa la kuonekana kutoka mlangoni. Kwa sababu hiyo hiyo, kila mkono ukikamilika na upimwe mzima kwenye mizani, waya na nyuzi zake zikiwamo, kabla ya kuufunga kwenye mkono ulio juu yake.

Kimo cha kitanzi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo rula haisemi. Chukua waya ulionyooka kabisa, ufunge mizigo miwili inayolingana momenti, na uushike kwenye nukta iliyo kwenye mstari ule ule wa ncha zake. Hesabu inasema utalingana, na ni kweli. Lakini uinamishe kidogo uuachie: utabaki pale pale ulipouinamisha. Uinamishe zaidi: utabaki huko pia. Msawazo wa namna hii hauna upande unaoupenda. Ukiushika kwa chini kidogo ya mstari huo, waya utapinduka mara moja. Ukiushika kwa juu kidogo, utayumba na kurudi penye usawa.

Kwa hiyo kitanzi lazima kiwe juu ya mstari unaounganisha ncha mbili za mkono. Hii ndiyo sababu mikono mingi ya Calder imepinda kama upinde, ncha zikiangalia chini. Wengi huidhani mikunjo ile kuwa ni mapambo tu. Ni mapambo, lakini pia ndiyo inayozifanya sanamu zisimame.

Ni juu kwa kiasi gani? Tuchukue mkono wenye gramu 30 umbali wa sentimita 8, na gramu 20 umbali wa sentimita 12. Momenti ni 240 kila upande. Sasa tuongeze gramu 1 upande wa gramu 20. Jambo hili si la kufikirika: pambo la kitambaa cha pamba lenye gramu 20 laweza kuongezeka karibu gramu nzima kwa unyevu pekee, hewa inapobadilika kutoka ukavu wa mchana hadi unyevu wa usiku wa pwani. Momenti ya ziada ni 1 mara 12, yaani 12. Mkono utainama mpaka kitovu cha uzito wote kiwe wima chini ya kitanzi, na tanjenti ya pembe ya mwinamo ni 12 ikigawanywa kwa uzito wote (gramu 51) mara kimo cha kitanzi. Kimo kikiwa sentimita 3, mwinamo ni digrii 4.5 tu. Kimo kikiwa sentimita 1, ni digrii 13. Kimo kikiwa milimita 3, ni digrii 38, na sanamu iliyokuwa imetulia mchana itaonekana usiku kama imeanguka upande.

Mtu angesema, basi kitanzi na kiwe juu sana, tumalize matatizo. Lakini kimo hicho ndicho pia kinachoamua kasi ya kuyumba. Mkono ule ule, kitanzi kikiwa sentimita 3 juu, huyumba na kurudi kwa muda wa karibu sekunde 1.2, kikiwa sentimita 1, kwa karibu sekunde 2, kikiwa robo ya sentimita, kwa karibu sekunde 4. Sekunde 1.2 ni mwendo wa wasiwasi, kama mkia wa kijana wa mbuzi. Sekunde 4 ni mwendo wa kitu kinachopumua. Msanii hutaka ule wa polepole, naye huununua kwa kukubali mkono wenye kuinama upesi. Mtengenezaji wa mizani za maabara hufanya biashara ile ile: ukingo unaobeba boriti ya mizani huwekwa juu kidogo tu ya kitovu cha uzito, ili mizani ihisi hata sehemu ndogo ya gramu, na ndiyo sababu mizani nzuri huchukua muda mrefu kutulia. Mwalimu anaweza kuyafundisha mambo haya mawili katika kipindi kimoja.

Hapa kuna jaribio ambalo nimeona likiwashinda hata waliofaulu vizuri. Waulize wanafunzi: mapambo yakishushwa kwa nyuzi ndefu zaidi, tuseme kutoka sentimita 5 hadi sentimita 50, je, mkono utakuwa imara zaidi dhidi ya kuinama? Wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa uzito umekwenda chini. Kisha fanyeni jaribio. Mwinamo hautabadilika hata kidogo. Uzi hauwezi kusukuma wala kupinda. Unaweza kuvuta tu. Kwa hiyo mkono hauujui mzigo uko wapi, unaijua tu nukta ambayo uzi umefungwa. Badilisheni nyuzi kwa waya mgumu uliokazwa usiweze kucheza kwenye ncha za mkono, na jibu litageuka.

Hewa ya ukumbini

Kani ya upepo juu ya kibao hukua kwa mraba wa mwendokasi. Kibao cha sentimita 20 kwa 20 kilichoelekezwa sawasawa kwenye upepo wa mita 1 kwa sekunde hupata kani ya karibu nyutoni 0.026, ambayo ni sawa na uzito wa gramu 2.7. Upepo ukiwa mita 2 kwa sekunde, kani ni mara nne, karibu gramu 11. Kwa hesabu hizi mtu ataona kwa nini sanamu iliyotengenezwa vizuri darasani, milango ikiwa imefungwa, huchanganyikiwa ukumbini wakati mapangaboi yanapowashwa. Na ipimwe mahali itakapotundikwa, taa zikiwa zimewashwa, kwa kuwa taa za jukwaa hupasha hewa na hewa ya moto hupanda. Kuzunguka kwenyewe hakuhitaji kani kubwa, maana uzi mrefu hauleti msuguano wa kutajika.

Ukubwa una bei yake

Mafanikio ya sanamu ndogo huwatia watu tamaa ya kutengeneza kubwa. Lakini tukiiongeza sanamu mara mbili kwa kila upande, urefu, upana na unene, uzito wake unakuwa mara nane, ilhali unene wa kamba, kwa maana ya eneo la mkato wake, unakuwa mara nne tu. Kila milimita ya mraba ya kamba sasa inabeba mara mbili ya ilivyobeba mwanzo. Upepo nao unasukuma eneo la mara nne dhidi ya uzito wa mara nane, na sanamu inazidi kuwa nzito wa kuamka.

Calder mwenyewe alikutana na tatizo hili mwishoni mwa maisha yake. Aliombwa sanamu kubwa kwa ajili ya jengo jipya la jumba la sanaa la taifa la Marekani, mjini Washington. Kwa chuma, ingekuwa nzito mno kuweza kujongeshwa na hewa ya ndani ya jengo. Msanii na fundi Paul Matisse alitafuta njia nyingine: vibao vya alumini vyenye moyo wa vitundu kama sega la nyuki, vigumu lakini vyepesi. Sanamu hiyo ina upana unaozidi mita 20, na uzito wake ni karibu kilo 420 tu. Ilitundikwa mwaka 1977, Calder akiwa amefariki mwaka mmoja kabla yake, nayo huzunguka polepole kwa hewa ya jengo bila mota.

Siri ya sega la nyuki iko pia katika mrija. Fimbo ya kioo yenye kipenyo cha sentimita 1 na urefu wa mita 1 ina karibu gramu 196. Mrija wa kioo wa kipenyo hicho hicho, wenye kuta za milimita 1, una karibu gramu 71. Uzito umeshuka hadi asilimia 36, lakini ukinzani dhidi ya kupinda umebaki asilimia 59 ya ule wa fimbo. Mfupa wa bawa la ndege ulikuwa mtupu ndani kabla ya mhandisi yeyote kuzaliwa. Kwetu sisi, mwanzi na bua la mtama vinafaa vile vile kwa mikono mirefu, na ni afadhali kuliko nondo.

Kitakachoizuia isianguke

Katika shule moja niliwahi kuona sanamu ya vifuu iliyotundikwa ukumbini kwa ajili ya maonyesho ya mavazi ya siku ya kufunga shule. Ilikuwa na msawazo mzuri ajabu. Asubuhi ya maonyesho ilikutwa sakafuni, na kifuu kimoja kimepasuka mahali ambapo wasichana wangepita saa nne baadaye. Uzi haukukatika. Ulikuwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, wenye nguvu mara nyingi kuliko uzito ule. Fundo ndilo lililoteleza, kidogo kidogo usiku kucha, kwa kuwa nailoni ni laini na fundo la kawaida halikai juu yake. Wavuvi wanalijua hili, ndiyo maana huuzungusha mshipi mara kadhaa kabla ya kukaza. Isitoshe, fundo lolote huupunguza uwezo wa mshipi, pengine hata kwa nusu, kwa sababu nyuzi zilizopindwa ghafla hazigawani mzigo sawasawa.

Tangu siku ile nimekuwa na desturi ya kuwauliza wanafunzi maswali ya kutundika kabla ya maswali ya urembo.

La kwanza ni kipimo cha kamba. Mafundi wa majukwaa wanaotundika vitu juu ya watu hutumia aghalabu kanuni ya mara 10: kitu cha kilo 5 kifungwe kwa kamba na kulabu zilizothibitishwa kubeba kilo 50. Anayeona kanuni hiyo ni ya woga akumbuke fundo linalokula nusu, kamba iliyochakaa kwa jua, na mtu atakayeivuta sanamu kwa mzaha.

La pili ni pembe. Mara nyingi katikati ya ukumbi hapana boriti, na sanamu hutundikwa kwa kamba mbili zinazotoka boriti za pembeni. Mzigo wa kilo 12 una uzito wa karibu nyutoni 118. Kamba mbili zikiwa wima, kila moja inabeba nusu, yaani nyutoni 59. Zikiachana kwa digrii 120, kila moja inabeba nyutoni 118 kamili, kana kwamba mwenzake hayupo. Zikiachana kwa digrii 160, kila moja inabeba nyutoni 340. Kadiri mtu anavyozikaza ili sanamu ipande juu, ndivyo anavyozikaribisha kukatika, na haiwezekani kabisa kuzifanya zinyooke.

La tatu ni kamba ya akiba. Kila kitu kilicho juu ya njia ya wapitao kiwe na kamba ya pili, iliyofungwa kwenye boriti nyingine, isiyobeba chochote mpaka ya kwanza ishindwe. Hapa wengi hukosea kwa kuiacha ndefu ili isionekane. Tuseme kitu cha kilo 5 kimeanguka sentimita 50 kabla ya kamba ya akiba kukaza, na kamba hiyo imekisimamisha katika umbali wa sentimita 5. Nishati yote ya mwanguko wa sentimita 55 lazima imezwe ndani ya sentimita 5. Kwa hiyo kani ya wastani ni mara 11 ya uzito, karibu nyutoni 540, na kilele chake ni kikubwa zaidi. Ile kanuni ya mara 10 imekwisha liwa yote. Kamba ya akiba iwe fupi, ikilegea kidogo tu kuliko kinachohitajika kwa mwendo wa sanamu.

Kuna pia kuzunguka. Sanamu inayogeuka upande mmoja usiku mzima hukaza uzi wake, na ikigeukia upande wa pili huweza kufungua kulabu ya skrubu iliyo darini, uzi kwa uzi. Dawa yake inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi: kile kipande kidogo cha metali chenye kuzunguka ambacho wavuvi hukifunga kati ya mshipi na ndoana ili samaki asiusokote mshipi. Na kiwe cha ukubwa unaolingana na ile kanuni ya mara 10.

Mwisho, pimeni kimo cha wapitao. Mwanamitindo wa mita 1.80 mwenye viatu vya sentimita 10 na kilemba cha sentimita 30 anafika mita 2.20. Sanamu yenye mkono wa mita 1.5 kila upande wa kitanzi, ikiinama kwa digrii 20 tu, ncha yake hushuka zaidi ya nusu mita. Kwa hiyo ncha iliyokuwa mita 2.60 wakati wa utulivu itamgusa kilembani, na kitambaa kikinasa kwenye waya hatakuwa na mkono wa kujinasua, kwa kuwa kila mtu anamtazama na mwenzake yuko hatua nne nyuma yake.

Zoezi kwa kidato cha tatu na cha nne

Tengenezeni sanamu ya mikono mitatu kwa vipimo vilivyotolewa hapo juu, kwanza kwa chelewa, kisha kwa waya wa milimita 2, na mwandike kila kitanzi kilisogea kiasi gani kutoka mahali palipohesabiwa. Pindeni mkono wa juu ili kitanzi kiwe sentimita 3 juu ya mstari wa ncha, pimeni muda wa mayumbo 10, halafu punguzeni mkunjo hadi sentimita 1 na mpime tena. Nyunyizieni maji pambo moja la kitambaa, pimeni mwinamo kwa kipimapembe, na mkokotoe kutokana na mwinamo huo ni gramu ngapi za maji zimeingia. Kisha lifungueni pambo mlipime kwenye mizani. Katika majaribio yetu majibu mawili hayakulingana mpaka tulipokumbuka matone yaliyokuwa yamedondoka sakafuni wakati wa kulifungua.